Jukwaa la Ngomeni na Miwako ya Mbinguni

Ewe msomaji kijana, katika vitabu vya historia umezoea kusoma habari za wafalme, vita, mikataba na safari za wafanya biashara. Leo nakualika usome historia ya nuru. Nuru isiyoonekana kwa macho, itokayo mbali kupita kiasi cha kufikiri, na ambayo habari zake nyingi ziliingia katika elimu ya wanadamu kwa njia ya kijiji cha wavuvi katika pwani yetu. Jina la kijiji hicho ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wewe uliye Shirere, katika viunga vya mji wa Kakamega, yamkini utadhani kuwa pwani ni mbali nawe, na kuwa mbingu ni mbali zaidi. Nisome kwa subira kidogo, nawe utaona jinsi jambo hili lilivyopita juu ya dari ya nyumba yenu.

Nyota zote uzionazo usiku, pamoja na ule ukanda mweupe uitwao Njia ya Maziwa, ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo huitwa galaksi. Nje ya galaksi yetu zimo nyingine zisizohesabika. Nyingi zao ni tulivu. Lakini katika mwaka wa 1943 mtaalamu wa Marekani, Carl Seyfert, aliandika habari za galaksi chache ambazo kiini chake kiling'aa kwa namna isiyo ya kawaida, kana kwamba taa kubwa imewashwa katikati ya mji wenye vibatari. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1963, Maarten Schmidt alichunguza kitu kilichoandikwa katika orodha kwa jina la 3C 273. Kwa darubini kilionekana kama nyota tu. Schmidt alitambua kuwa kiko umbali wa zaidi ya miaka bilioni mbili ya mwendo wa nuru, na kwa hiyo ni lazima king'ae kuliko galaksi nzima. Vitu vya namna hiyo viliitwa kwasa.

Jambo la pili lilishangaza kuliko la kwanza. Mwaka huo huo wa 1963, Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walifungua akiba ya picha za mbingu zilizopigwa katika miaka iliyopita, wakazitazama moja baada ya moja, wakaona kuwa nuru ya 3C 273 haikutulia. Ilipanda na kushuka. Tena liko tukio la zamani zaidi. Mwaka 1929 Mjerumani Cuno Hoffmeister aliona kitu kilichobadilika nuru katika kundi la nyota liitwalo Lacerta, naye akakiandika katika orodha ya nyota za kwetu zenye tabia hiyo. Kilibaki humo kwa jina la BL Lacertae. Mwaka 1968 iligunduliwa kuwa "nyota" ile yatoa mawimbi ya redio, na katika miaka ya 1970 ikathibitika kuwa ni kiini cha galaksi ya mbali. Ndugu zake leo huitwa blaza, nao ndio watakaotushughulisha.

Kwa nini kubadilika kwa nuru kuwashangaze wataalamu? Nitakueleza kwa mfano wa nyumbani. Bila shaka umeona umati ukimsindikiza fahali kwenda uwanjani siku ya mapigano, watu wamejaa barabarani, ngoma za isukuti zikivuma mbele na nyuma. Tuseme wapigaji wamejipanga katika mstari wenye urefu wa meta 340, nawe umesimama mwisho wa mstari huo. Tuseme pia wote wanapiga pigo moja kwa wakati mmoja kabisa. Je, utasikia pigo moja? La. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde, basi ngoma iliyo karibu utaisikia mara moja, na ile ya mwisho utaisikia baada ya sekunde nzima. Utakachosikia ni mvumo wa sekunde moja. Ikiwa mtu aliyefumba macho atasikia pigo fupi, la sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, anaweza kusema kwa yakini, bila kufumbua macho, kuwa wapigaji wamekusanyika mahali pasipozidi meta 34.

Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote. Badala ya sauti weka nuru, ambayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Kitu kikizidi nuru na kupungua kwa muda wa siku moja, hakiwezi kuwa kipana kuliko mwendo wa nuru wa siku moja. Hapana darubini iwezayo kuona umbo la kitu kidogo namna hiyo kwa umbali wa mabilioni ya miaka. Lakini saa yaweza kupima pale ambapo jicho limeshindwa. Kwa njia hiyo ilijulikana kuwa nguvu ya kwasa, ipitayo nguvu ya galaksi nzima, hutoka mahali padogo mno. Jawabu lililokubaliwa ni kuwa katika kiini mna shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya jua, linalovuta gesi. Na gesi hiyo, kabla ya kuzama, hupata joto kali na kuwaka. Mashimo mengine hurusha pande mbili mikondo ya chembe zinazokwenda karibu sawa na nuru. Mkondo mmoja ukielekea kwetu moja kwa moja, twauita mji huo wa nyota blaza.

Mikondo hiyo hutoa mionzi ya gama. Mionzi hii ni nuru, lakini kila chembe yake yaweza kuwa na nguvu mara mamia ya bilioni kuliko chembe ya nuru ya macho. Rehema ya maumbile ni kuwa hewa yetu huizuia isifike ardhini. Rehema hiyo ilikuwa kizuizi kwa wataalamu, maana aliyetaka kuiona alipaswa kupanda juu ya hewa. Na hapa ndipo Ngomeni inapoingia katika historia.

Katika miaka ya 1960 Waitalia, wakiongozwa na Luigi Broglio, walitafuta mahali pa kurushia roketi karibu na Ikweta. Waliyachagua maji ya Ngomeni, wakasimamisha baharini majukwaa ya chuma yenye miguu. Moja liliitwa San Marco, na roketi zilirushwa kutoka hapo. La pili liliitwa Santa Rita, nalo lilikuwa la waongozaji. Nyaya zilizolazwa chini ya maji ziliyaunga mawili hayo. Setilaiti ya kwanza iliruka kutoka huko tarehe 26 Aprili 1967. Mahali hapo palikuwa na faida mbili. Dunia huzunguka kwa kasi zaidi Ikweta, na roketi ielekezwayo mashariki hupokea msukumo huo bure. Faida ya pili ilikuwa muhimu zaidi kwa mambo yetu: setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta huepuka kwa sehemu kubwa chembe kali zilizonaswa na usumaku wa dunia, nazo ni makelele yanayoweza kuzifunika ishara hafifu za mbingu. Wamarekani, wenye makombora na viwanja vyao wenyewe, waliona heri kuileta roketi yao aina ya Scout hadi pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ndogo yenye uzito wa kilo 140 hivi iliruka kutoka San Marco. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za mbinguni peke yake. Mradi ulisimamiwa na mwanamke, Marjorie Townsend, na wataalamu wa chombo waliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Neno hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya kila lugha, na orodha yake ya mwisho yenye vitu 339 bado hutajwa kwa jina hilo. Mimi naona fahari kwa jambo hilo, na sioni sababu ya kuificha.

Uhuru ilionyesha kuwa mbingu ya eksirei haitulii. Kitu kimoja katika kundi la Centaurus kilipiga kama mshipa wa damu kila sekunde 4.8. Kingine, Cygnus X-1, kilitetemeka kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na kwa kanuni ile ile ya ngoma ikajulikana kuwa ni kidogo sana. Hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kushukiwa kwa nguvu kuwa shimo jeusi. Galaksi za Seyfert nazo zilionekana kutoa eksirei. Setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile tarehe 15 Oktoba 1974, iliendeleza kazi hiyo.

Kati ya hizo mbili iliruka ile inayotuhusu zaidi. Tarehe 15 Novemba 1972 roketi ya San Marco ilibeba SAS-2, iliyotengenezwa kwa ajili ya mionzi ya gama na kusimamiwa na Carl Fichtel. Itazame njia yake, msomaji. Haikupotoka Ikweta zaidi ya nyuzi 2 hivi, na Kakamega iko kaskazini ya Ikweta kwa chini ya theluthi moja ya uzi. Basi setilaiti hiyo ilitoka magharibi, ikapita juu ya Kongo na Uganda, ikapita karibu kabisa na utosi wa mji wa Kakamega, na baada ya dakika moja na nusu hivi ikafika juu ya bahari ya Malindi. Ilifanya hivyo kiasi cha mara 14 kila siku, mchana na usiku, mvua ikinyesha au isinyeshe. Wazee wa Shirere waliokuwa wakipalilia mahindi yao mapema mwaka 1973 walifanya kazi chini ya njia yake, pasipo mtu kuwaambia.

Maisha yake yalikuwa mafupi. Tarehe 8 Juni 1973 kifaa cha umeme kiliharibika, na kazi ikakoma baada ya miezi saba. Katika muda huo ilikuwa imekusanya chembe za gama za mbinguni zipatazo 8,000 tu. Usicheke uchache huo. Kwa chembe hizo ilichorwa ramani ya Njia ya Maziwa katika nuru ya gama, na tena ulipimwa mng'ao hafifu utokao pande zote za mbingu, nje ya galaksi yetu. Wakati ule chanzo cha mng'ao huo kilikuwa fumbo. Leo yajulikana kuwa sehemu yake kubwa, hasa ile ya nguvu za juu, ni mchanganyiko wa nuru za blaza nyingi zilizo mbali mno. SAS-2 iliuona moshi wa kijiji. Nyumba moja moja zilionekana baadaye.

Nyumba ya kwanza ilionekana na setilaiti ya Ulaya, COS-B, iliyorushwa mwaka 1975: ilikuwa ni ile 3C 273. Kisha ikapita miaka mingi. Fichtel hakuiacha kazi yake. Alikuwa mmoja wa viongozi wa chombo kikubwa zaidi kilichopandishwa Aprili 1991 ndani ya setilaiti ya Compton, yenye uzito wa tani 17. Mwezi Juni mwaka huo huo chombo hicho kiliikuta kwasa 3C 279 ikiwaka kwa nguvu isiyotazamiwa, na kabla mwezi haujaisha nuru yake ilikuwa imepanda na kushuka kwa muda wa siku chache. Tangu hapo blaza za gama zilianza kuhesabiwa kwa makumi.

Wakati huo huo wengine walipata njia ya kutazama wakiwa ardhini. Chembe ya gama yenye nguvu nyingi ikigonga hewa huzaa mvua ya chembe nyingine, na hizo hutoa mmweko wa buluu wa sehemu chache za bilioni ya sekunde. Kioo kikubwa chenye kamera ya haraka chaweza kuunasa. Kwa kioo cha meta 10 huko Arizona, blaza iitwayo Markarian 421 ilionekana mwaka 1992. Na tarehe 15 Mei 1996 iliwaka na kufifia kwa muda wa nusu saa hivi. Nusu saa! Lakini hayo yalikuwa utangulizi.

Afrika ndiyo iliyotoa tukio kuu. Katika nyanda za juu za Khomas, nchini Namibia, mataifa kadhaa yalijenga darubini nne za namna hiyo, kila moja yenye kioo cha meta 12 hivi, zikaitwa H.E.S.S. kwa heshima ya Victor Hess, aliyepanda kwa puto mwaka 1912 na kugundua miale itokayo angani. Usiku wa tarehe 28 Julai 2006 darubini hizo zilielekezwa kwenye blaza PKS 2155-304, iliyo umbali wa miaka bilioni moja na nusu hivi ya mwendo wa nuru. Blaza ile ililipuka. Kwa muda wa saa moja na nusu miwako ilifuatana mmoja juu ya mwingine, na iliyo ya haraka zaidi ilipanda kwa muda wa sekunde 200 hivi. Hizo ni dakika tatu na ushei, muda wa kuchota ndoo ya maji.

Shika sasa kalamu ufanye hesabu ya ngoma. Sekunde 200 kwa kilometa 300,000 ni kilometa milioni 60, chini ya nusu ya umbali kutoka kwetu hadi Jua. Lakini shimo jeusi la blaza ile hukadiriwa kuwa na uzito wa jua bilioni moja hivi. Shimo la uzito huo lina nusu-kipenyo cha kilometa bilioni 3, na nuru huhitaji sekunde 10,000, karibu saa tatu, kupita urefu huo. Mwako ulikuwa mfupi mara hamsini kuliko shimo lililouzaa! Mtoto hawezi kuzunguka nyumba kwa hatua moja. Ama kanuni ilikuwa na kasoro, ama wataalamu walikuwa wamesahau kitu.

Kanuni ilikuwa sahihi, ila ngoma zetu zilisimama mahali pamoja. Tuseme msafiri anatoka Kisumu kuja Kakamega, kilometa 50, naye huenda kilometa 8 kwa saa. Kila saa humtuma mpanda baiskeli atangulie na barua, na kwa sababu ya vilima baiskeli huenda kilometa 10 kwa saa. Wa kwanza, aliyetumwa mwanzo wa safari, hufika baada ya saa 5. Wa pili hutumwa saa moja baadaye, lakini msafiri amekwisha sogea kilometa 8; zimebaki 42, naye hufika baada ya saa 5 na dakika 12 tangu safari ianze. Barua zilizoandikwa kwa kupishana saa nzima zimefika kwa kupishana dakika 12. Kadiri msafiri anavyokaribia kasi ya baiskeli, ndivyo barua zinavyobanana. Vivyo hivyo mkondo wa blaza huijia dunia nyuma kidogo tu ya nuru yake wenyewe, na mambo yaliyochukua saa nyingi kule huonekana kwetu kama ya dakika chache.

Walakini hata hilo halikuwatosha. Ili hesabu ya mwaka 2006 ilingane, ilibidi mkondo uende kwa kasi inayozidi sehemu 9,998 katika kila 10,000 za kasi ya nuru, nayo ni kubwa kuliko ile iliyopimwa katika mikondo mingi kwa darubini za redio. Wako wasemao kuwa ndani ya mkondo kuna mikondo midogo, inayofyatuka pale nyuzi za usumaku zinapokatika na kuungana upya. Wako wengine wanaoelekeza kidole karibu na shimo lenyewe, hasa tangu galaksi IC 310 ilipoonekana mwezi Novemba 2012 ikibadilika kwa muda usiozidi dakika 5, ingawa mkondo wake haukutuelekea sawasawa. Mashauri hayajafungwa. Ni afadhali ujue, msomaji, kuwa hapa vitabu vya walimu wako vyenyewe vinabishana.

Turudi Ngomeni. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka San Marco mwezi Machi 1988. Kwa jumla tisa zilifika angani kutoka hapo. Majukwaa yakanyamaza, lakini vituo vya antena vilivyo pwani havikunyamaza. Setilaiti ya Kiitalia AGILE, ya mionzi ya gama, ilirushwa kutoka Bara Hindi mwaka 2007, ikazunguka karibu na Ikweta kama SAS-2, na kila mzunguko iliteremsha habari zake Malindi. Mwezi Novemba 2010 blaza 3C 454.3 iliwaka hata ikawa kitu king'aacho kuliko vyote katika mbingu ya gama, na habari ambazo AGILE ilizipata juu ya mwako huo zilishukia pwani ya Kenya kabla ya kwenda Ulaya. AGILE ilihesabu pia mimweko mifupi ya gama inayotoka katika mawingu ya radi ya Afrika, jambo la kuvutia kwa mtu wa Kakamega, ambako ngurumo za alasiri ni desturi ya mwaka. Ilidumu hadi Februari 2024 ilipoanguka na kuungua hewani. Swift ya mwaka 2004, NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021 zilipangiwa nazo kuteremsha habari zao Malindi.

Liko swali ambalo kijana wa Kenya hana budi kuliuliza: sisi tulipata nini? Jina la Uhuru tulipata, na mahali petu pametajwa. Lakini majina yaliyo juu ya makala za wakati ule ni ya Wamarekani, Waitalia na Waingereza. Mchango wetu ulikuwa bahari, Ikweta na ukarimu. Mkataba uliotiwa saini na Kenya na Italia mwaka 2016 uliweka ndani yake mafunzo ya Wakenya na ushirika katika habari zinazokusanywa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokawia mno. Anayepokea barua mlangoni kwa miaka hamsini astahili kufundishwa kuzisoma.

Na ukitaka kujua mahali ilipo ile blaza ya Namibia, ngoja katikati ya Oktoba, saa tatu usiku, ikiwa mawingu ya Kakamega yatakuruhusu. Elekea kusini, inua macho theluthi mbili ya njia hadi utosini. Upande wa kushoto utaona nyota moja yenye kung'aa, peke yake katika sehemu iliyo tupu. Hiyo ni Fomalhaut. Nyosha mkono, upime ngumi moja na robo kutoka hapo kwenda magharibi. Jicho halitaona kitu, maana PKS 2155-304 yahitaji darubini. Nuru inayofika hapo usiku huo iliondoka wakati viumbe vya duniani vilikuwa bado vidogo, vikiishi majini.